Msimamizi wa mswada: Mtunza kumbukumbu katika utengenezaji wa filamu

WATAZAMAJI wengi wa filamu huwafahamu waigizaji na mwongozaji pekee. Ni wachache wanaotambua kazi ya msimamizi wa mswada, mtu anayehakikisha kuwa picha zilizopigwa siku tofauti zinaungana kana kwamba mambo yalitokea mfululizo.

Filamu haipigwi kwa utaratibu wa hadithi. Maonyesho yote ya nyumba moja hupigwa pamoja ili kupunguza gharama, hata kama moja ni la mwanzo na jingine la mwisho. Mwigizaji anaweza kufungua mlango akiwa nje leo, kisha akapigwa picha akiingia sebuleni wiki tatu baadaye. Shati, jasho, jeraha na hata mkono ulioshika ufunguo sharti vilingane.

Mfano bora ni The African Queen, filamu ya mwongozaji John Huston ya mwaka wa 1951, iliyopigwa Uganda na Congo, wakati huo koloni ya Ubelgiji. Mwingereza Angela Allen ndiye aliyetunza mwendelezo wake. Maonyesho ya waigizaji wakiwa ndani ya maji yalipigwa katika matangi ya studio Uingereza kwa kuhofia maradhi ya mtoni. Mavazi na nywele vilipaswa kufanana na vilivyoonekana Afrika. Baadaye Allen alifanya kazi na Huston katika filamu nyingine nyingi.

Maandalizi

Mwanagenzi huanza kwa kusoma mswada mara kadhaa kabla ya kamera kuwashwa. Huorodhesha siku za hadithi, mavazi, vifaa na majeraha katika kila onyesho. Kisha husoma mazungumzo kwa sauti akiwa na saa ya kupimia muda. Kwa kawaida, ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, nao hugawanywa katika sehemu 8 ili kupima kazi ya kila siku.

Wakati wa kupiga picha

Kila onyesho linaporudiwa, msimamizi huandika namba ya marudio hayo, muda wake, lenzi iliyotumiwa, dosari zilizojitokeza na iwapo mwongozaji ameridhika.

Aidha, huchora mistari wima juu ya mswada kuonyesha kila picha ilipoanzia na ilipokomea. Mstari ulionyooka humaanisha kwamba anayezungumza anaonekana. Wa mawimbi humaanisha kuwa sauti yake inasikika ilhali uso hauonekani. Maneno yasiyopitiwa na mstari wowote ni onyo kwamba bado hayajapigwa picha.

Zamani kumbukumbu hizi zilipigwa taipu na kuambatanishwa na picha za papo hapo. Siku hizi wengi hutumia tabuleti, lakini macho makini hayajapata mbadala.

Somo gumu zaidi ni busara. Msimamizi hamkatizi mwigizaji. Husubiri kamera izimwe, kisha humnong'onezea mwongozaji. Wala si kila kosa linafaa kurekebishwa. Ikiwa mwigizaji amelia machozi ya kweli huku kikombe kikiwa upande usiofaa, mwongozaji anaweza kuchagua machozi. Wajibu wa msimamizi ni kumjulisha na kuandika, ili uamuzi ufanywe kwa kujua.

Mafunzo

Wengi huijifunza kazi hii kwa kuketi kando ya mtaalamu. Nchini Kenya, chipukizi anaweza kupata msingi wa utengenezaji wa filamu katika taasisi ya KIMC jijini Nairobi, kisha akajitolea katika filamu fupi za wanafunzi. Anaweza pia kutazama filamu moja mara mbili: kwanza kwa ajili ya hadithi, kisha akiwa amezima sauti, akifuatilia mikono, nywele na saa za ukutani.

Kosa lisilogunduliwa mapema hujitokeza mbele ya mhariri, wakati seti imebomolewa, mwigizaji amenyoa ndevu na fedha zimekwisha. Kwa mtayarishaji mwenye bajeti ndogo, kupiga onyesho hilo upya huwa ni muhali.