Katamarani: Bodi Mbili na Boriti Katikati

Tangu baraza la mawaziri la Uganda liamue mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, mwalimu wa Kampala anahitaji maneno ya kila fani, hata ya bahari ambayo wanafunzi wake hawajaiona. Mtoto wa Ggaba, kando ya ziwa, anayajua maji vizuri. Kwa Kiganda, mtumbwi anauita eryato, na meli ya bandari ya Port Bell anaiita emmeeri. Akiuliza katamarani ni nini, jibu la haraka ni "chombo chenye bodi mbili". Jibu hilo si kosa, lakini limeacha kiini.

Neno lenyewe lilitoka kwa Watamil: kattu ni kufunga, maram ni mti. Wavuvi wa kusini mwa India walifunga magogo bega kwa bega wakaingia nayo baharini. Chombo chao hakikuwa na bodi mbili hata kidogo. Wazungu walilichukua jina, na baadaye likahamia kwenye vyombo vya bodi mbili. Maumbo yalibadilika, kufunga kukabaki, na kwa mhandisi kufunga huko ndiko kazi yote.

Jahazi husimama kwa uzito. Likikosa mzigo hutiwa farumi, yaani uzito wa kulituliza, na mashua ya mashindano yenye bodi moja hubeba risasi chini ya mkuku ili isipinduke. Katamarani ya mashindano haina farumi. Utulivu wake unatokana na upana: upepo ukishika tanga, bodi ya demani (upande upepo unakoelekea) hukandamizwa majini na ile ya joshi (upande upepo unakotoka) huinuka. Kwa kuwa haiburuti risasi, huenda kasi sana. Lakini ikipinduka kabisa haijiinui tena.

Sasa tazama mlingoti. Kwa kawaida husimama katikati, juu ya boriti inayounganisha bodi mbili, na nguvu ya tanga hupitia hapo. Wakati huohuo bodi moja inapanda wimbi na nyingine inashuka jingine, kila moja ikivuta kwake, na katika safari ndefu boriti inasokotwa usiku na mchana kwa wiki nyingi. Ikiwa nyembamba itakatika. Ikiwa nene mno, wepesi uliotafutwa umepotea. Ndiyo maana mafundi hutumia nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi na kuokwa katika tanuri, huku katikati kukiwa na tabaka jepesi lenye vitundu kama sega la nyuki.

Safari za kuizunguka dunia ndizo zinazoijaribu boriti hiyo. Mwaka 1993 Mfaransa Bruno Peyron aliizunguka dunia kwa katamarani katika siku 79. Tarehe 31 Desemba 2000, mashindano ya kuizunguka dunia yaliyoitwa The Race yalianzia Barcelona, na katamarani Club Med, yenye urefu wa takriban mita 33, iliyosanifiwa na Gilles Ollier na kuongozwa na Grant Dalton, ilishinda kwa siku 62. Peyron aliizunguka dunia tena mwaka 2005 na kutumia siku 50 tu.

Chombo kinachonifikirisha zaidi, hata hivyo, hakikufika kwenye mstari wa kuanzia wa The Race. Team Philips ya Mwingereza Pete Goss ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 36, na kila bodi ilibeba mlingoti wake, jambo la ujasiri mkubwa. Omo zake zilichongwa nyembamba ili zitoboe mawimbi badala ya kuyapanda. Machi 2000, katika majaribio ya mwanzo baharini, sehemu kubwa ya omo ya kushoto ilikatika. Ikatengenezwa, ikarudi majini, na Desemba mwaka huohuo dhoruba ya Atlantiki ikawalazimu mabaharia wake saba kuiacha. Waliokolewa na meli wakiwa hai. Karatasi za hesabu pekee hazitoshi kukiandaa chombo cha aina hii. Lazima bahari ikijaribu mapema, mashindano yakiwa bado mbali.

Turudi kwenye jina. Nimesikia "mashua pacha". Silipendi, kwa sababu pacha ni wawili wanaojitegemea, na bodi ya katamarani ikiachwa peke yake hulala ubavu mara moja. Ngalawa nayo isiitwe katamarani. Ina bodi moja yenye matengo pande zote mbili, kwa hiyo ndugu yake wa karibu ni trimarani, chombo cha bodi tatu. Kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, vyombo vya Kilimanjaro vya Azam vyenye bodi mbili huitwa boti tu, na kwa anayekata tikiti hilo linatosha. Darasani halitoshi.

Basi katika kamusi ya mwanafunzi ningeandika hivi: katamarani, ngeli ya I-ZI, ni chombo cha majini chenye bodi mbili zilizo sawa, zilizofungwa kwa boriti, ambacho hutulia kwa upana wake na si kwa farumi.