Kipepeo wa usiku anayezaa viwavi jeshi: anaishi namna gani, anajificha wapi

Walimaji wa mahindi wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika wanajua vizuri viwavi jeshi, wale wanaoitwa kwa Kifaransa chenilles légionnaires. Lakini mama yao, ni wachache wanamujua. Ni kipepeo wa usiku, ao nondo, mwenye rangi ya majivu. Mulimaji anaweza kupita karibu naye muchana muzima bila kumuona.

Jina lake la kisayansi ni Spodoptera frugiperda. Kwao ni Amerika. Katika Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka wa 2016, na kufikia mwaka wa 2018 alikuwa amekwisha kuenea katika inchi zaidi ya 40 za bara letu, Kongo ndani yake.

Rangi inayomuficha

Mabawa yake yakifunguka, upana ni milimita 32 mpaka 40. Dume iko na mabawa ya mbele ya kijivu na kahawia, yenye alama nyeupe karibu na ncha. Jike haiko na alama hiyo waziwazi. Rangi yake inafanana tu na udongo na majani makavu. Muchana anatulia katikati ya majani ya muhindi ao chini ya takataka za shamba. Ndege wanapita bila kumutambua.

Kazi ya usiku

Jua likishuka, njo anaamuka. Anakunywa maji matamu ya maua. Jike anakaa juu ya mumea na kutoa harufu ambayo dume wanaifuata katika giza. Adui wake wa usiku ni popo, lakini nondo huyu iko na masikio kifuani yanayosikia sauti ya popo, na anageuka haraka ili akimbie. Upepo ukimusaidia, anaweza kwenda kilometa 100 kwa usiku mumoja. Juu ya hiyo, shamba safi la leo linaweza kupata mayai kesho.

Anaishi karibu siku 10 tu. Katika siku hizo, jike anaweza kutaga mayai 1.500 ao zaidi, kwa mafungu ya 100 mpaka 200, mara nyingi chini ya jani. Anayafunika na manyoya ya tumbo lake, na fungu linaonekana kama ukungu kidogo tu.

Toka yai mpaka kipepeo

Mayai yanapasuka kisha siku 3 mpaka 5. Viwavi vidogo vinakwangua jani na kuacha madoa meupe yanayopitisha mwangaza. Vikikomaa, vinaingia ndani ya moyo wa muhindi, pale majani mapya yanatokea, na kuacha mavi yanayofanana na unga wa mbao. Kwenye kichwa cha kiwavi kunaonekana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mukia madoa 4 meusi kama pembe za mraba. Kisha wiki 2 ao 3 kinashuka udongoni, kinageuka, na kipepeo mupya anatoka. Kwenye joto, kama katika bonde la Ruzizi, muzunguko wote unachukua karibu siku 30. Kwenye milima yenye baridi, unakawia zaidi.

Kumutafuta mbele ya wakati

Kiwavi kikikwisha kuingia ndani ya moyo wa muhindi, dawa haikifikie vizuri. Wakati wa kupigana naye ni mbele ya hapo. Tangu mahindi yanapoota, tembelea shamba mara 2 kwa juma, geuza majani, na ponda mayai na viwavi vidogo kwa vidole. Walimaji wengine wanatia majivu ao muchanga ndani ya moyo wa muhindi. Kupanda mapema na kwa wakati mumoja na majirani kunasaidia, vilevile kuchanganya mahindi na maharagi. Siafu na nyigu wanakula viwavi hivyo. Dawa kali ikimwagwa ovyo, inaua hao kwanza. Na dawa ya sokoni isiyo na karatasi ya maelezo, usiipulize kwenye chakula cha watoto.