Pipa la Wiski Katika Mfumo wa Utumwa

Tunapochambua utumwa wa Marekani tumezoea kutazama mjeledi na mnyororo, tukasahau pipa la wiski. Frederick Douglass hakulisahau. Alizaliwa mtumwa huko Maryland mwaka 1818, akatoroka mwaka 1838, na katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1845 alizieleza siku za mapumziko baina ya Krismasi na Mwaka Mpya. Siku hizo mabwana waliwahimiza watumwa walewe. Waliwekeana hata dau, kuona mtumwa wa nani angekunywa wiski nyingi zaidi bila ya kulewa. Aliyezitumia siku hizo kufuma mikeka au kutengeneza mifagio yake alihesabika hastahili mapumziko.

Ukarimu huo ulikuwa na hesabu yake. Kwa maelezo ya Douglass, mtumwa alipewa ulevi kwa jina la uhuru, mpaka ukamchefua. Akarudi shambani akiamini kwamba kuwa mtumwa wa mtu na kuwa mtumwa wa pombe ni mamoja. Tena sikukuu hizo zilikuwa tundu la kutolea mvuke, ili maasi yasilipuke. Huu ni uchambuzi wa kisiasa, si mahubiri.

Ndiyo sababu baadhi ya waliojikomboa waliipiga vita pombe. William Wells Brown, aliyetoroka mwaka 1834, aliongoza chama cha kupinga ulevi miongoni mwa weusi wa Buffalo. Douglass mwenyewe aliapa kutokunywa mbele ya Padri Theobald Mathew huko Ayalandi mwaka 1845.

Lakini walikuwapo waliotumaini kwamba mweusi akiacha pombe mzungu atamheshimu. Jibu lilitolewa Philadelphia, tarehe 1 Agosti, 1842. Weusi waliandamana chini ya mabango ya kupinga ulevi, wakiadhimisha kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza huko Karibi. Wazungu wakawashambulia, wakachoma kanisa lao na ukumbi wao. Kosa lao halikuwa ulevi. Walitembea barabarani kama watu huru, basi.

Mwaka 1846 Douglass alilitaja tukio hilo London, mbele ya mkutano wa dunia wa kupinga ulevi, akakumbusha kwamba weusi milioni tatu, kwa sababu ya utumwa na ubaguzi, walikuwa nje kabisa ya vyama vya Marekani vya kupinga ulevi. Mchungaji Samuel Cox, mmoja wa Wamarekani waliohudhuria, alikasirika. Kwake yeye suala la utumwa halikuwa na nafasi pale. Mwaka huo huo Douglass alimjibu kwa barua ndefu, asirudishe neno hata moja.