Visima vya Kruger na Mnyama Korongo

Sote twajua kwamba maji ni uhai. Lakini mambo yaliyotukia katika Afrika ya Kusini yatuonyesha kwamba maji yakiletwa mahali pasipo pake huweza kuleta mauti.

Hifadhi ya wanyama iitwayo Kruger iliwekwa kwa sheria mwaka 1926, nayo ina ukubwa wa kilometa za mraba karibu 20,000. Wakati wa kiangazi mito mingi ya huko hukauka. Zamani wanyama walihama kuyafuata maji na malisho. Lakini mashamba yaliwazuia, na karibu na mwaka 1960 ua wa waya ukawafungia upande wa magharibi. Wasimamizi waliwahurumia. Tangu miaka ya 1930 walichimba visima vya pampu na kujenga malambo, hata mwishowe visima vikapita 300, na malambo yakawa kama 50.

Kaskazini mwa hifadhi kuna nyanda kavu, na huko alikaa korongo. Simsemi ndege, wala bonde, bali mnyama mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ndugu yake palahala. Korongo hupenda nyasi ndefu, na ndani yake huficha ndama wake. Ukavu wa nchi ulikuwa kama boma lake. Kwa kuwa maji yalikuwa haba, punda milia na nyumbu hawakukaa huko kwa wingi, na simba, wafuatao mawindo, walikuwa wachache.

Visima vilipofunguliwa boma lile likabomoka. Punda milia na nyumbu walikuja wakakaa, wakazila nyasi; simba nao wakawafuata, wakamkuta korongo hana maficho. Tena ukame ukazidisha taabu. Mwaka 1986 korongo wa nyanda zile walikuwa karibu 450. Mwaka 1993 walisalia 45 hivi. Wala hawakufa kwa kiu, maana maji yalikuwa karibu nao.

Wataalamu walipolichunguza jambo hili, visima vya nyanda zile vikaanza kufungwa mwaka 1994, na baadaye zaidi ya nusu ya visima vyote vya hifadhi. Punda milia wakapungua, lakini korongo hawakurejea upesi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na sisi tufugao ng'ombe tumeyaona mambo ya namna hii: nchi inayozunguka lambo hugeuka vumbi, na katika ukame mkubwa mifugo huanguka kwa njaa, maji yakingali yapo. Basi atakaye kuchimba kisima asiulize tu kama maji yapo chini ya ardhi. Na aulize pia ni nani watakaoyajia, na watakapokwisha kunywa watakula nini.