Modeli ya treni ya kijeshi

Modeli ya treni ya kijeshi ni nakala ndogo ya garimoshi linalobeba askari, vifaru, mizinga au shehena nyingine za vita. Mara nyingi mjenzi huiunda kwa kuunganisha vitu vya asili mbili: vichwa vya treni na mabehewa yaliyotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa treni ndogo, na vifaru, malori na sanamu za askari zilizotengenezwa kwa wapenzi wa historia ya vita. Watengenezaji wa pande hizo mbili hawakufuata vipimo vilevile. Kwa hiyo kazi ngumu si kupaka rangi wala kugundisha, bali ni kulinganisha skeli.

Skeli

Skeli ni uwiano kati ya modeli na kitu halisi. Katika skeli ya HO uwiano huo ni 1:87. Reli ya kawaida ya Ulaya na Marekani, yenye upana wa mm 1,435, huwa mm 16.5 tu. Treni za OO za Uingereza hupita juu ya reli hiyohiyo ya mm 16.5 ingawa skeli yake ni 1:76, hivyo reli yake ni nyembamba kuliko inavyostahili. Katika skeli ya O ya Marekani (1:48) kosa limeelekea upande wa pili: reli yake ya mm 31.75 ikizidishwa mara 48 hutoa mm 1,524, ambao ni upana wa reli za Urusi ya zamani!

Vifaru vya plastiki huuzwa zaidi katika skeli za 1:35, 1:48, 1:72 na 1:76. Vile vya 1:76 huafikiana na treni za OO, na vya 1:48 na treni za O. Kwa HO kuna vifaru vidogo vya Minitanks vilivyotengenezwa na kampuni ya Roco ya Austria.

Kipimo chepesi ni askari. Mtu wa mita 1.75 huwa na mm 20 katika 1:87, mm 23 katika 1:76, mm 36 katika 1:48 na mm 50 katika 1:35. Askari wa mm 24 akisimama mlangoni mwa behewa la HO ataonekana jitu, na jicho hulitambua hilo kabla ya rula.

Mzigo

Hapa ndipo modeli nyingi zinapokosea. Kifaru cha Kijerumani Tiger I, chenye uzito wa tani 57 hivi, kilipigana kikiwa na minyororo yenye upana wa mm 725, na upana wake wote ulikaribia mita 3.7. Hicho kilizidi nafasi inayoruhusiwa kwenye mahandaki na pale treni mbili zinapopishana. Kabla ya safari askari waliondoa magurudumu ya nje na kufunga minyororo myembamba ya mm 520, kisha kifaru kikapandishwa juu ya behewa la ekseli sita. Anayeweka Tiger behewani na minyororo yake ya vita ameunda treni ambayo isingefika mbali. Sherman ya Marekani, yenye upana wa mita 2.6 hivi, haina taabu hiyo.

Kifaru halisi hakiachwi huru juu ya behewa. Hukazwa kwa minyororo au nyaya, na kabari za mbao hupigiliwa misumari mbele na nyuma yake. Kwenye modeli vijiti vya kiberiti na uzi vinatosha. Kifaru cha chuma huweza kupindua behewa jepesi la plastiki kwenye kona, hivyo uzito huongezwa chini ya sakafu ya behewa.

Mabehewa ya zamani yenye rangi na boksi lake la asili yasipakwe upya, kwani thamani yake hupotea. Ni afadhali kukata na kupaka yaliyovunjika.

Reli za Afrika Mashariki

Reli ya Uganda na Reli ya Kati ya Tanganyika zilijengwa kwa upana wa mm 1,000. Katika 1:87 upana huo ni mm 11.5, kwa hiyo hutumika reli ya HOm yenye mm 12. Somo zuri la modeli ni reli ya Voi hadi Taveta, ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya vita dhidi ya Wajerumani. Lingine ni treni zilizopeleka Kigoma vipande vya meli Goetzen, ambayo leo ni MV Liemba. Vilisafiri ndani ya makasha, na makasha ya mbao ni mepesi kuunda kuliko kifaru chochote.