Maisha ya Mama Albertina Sisulu, Mkunga na Mlezi wa Wengi

Halmashauri ya Chama chetu Kikuu iliponiagiza kutengeneza kijitabu hiki cha sikukuu ya miaka kumi, ilitaka iwemo pia habari moja ya historia isiyohusu mizani, maghala wala bei za mazao. Baada ya kufikiri sana nimemchagua mwanamke ambaye kwao ni mbali, Afrika ya Kusini, lakini hisani yake ilifika katika hospitali zetu wakati Tanganyika ilipokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Wanachama wengi hawajapata kulisikia jina lake, na baadhi ya wanaolisikia humjua kwa ajili ya mumewe tu. Ndiye Mama Albertina Sisulu.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1918 katika kijiji cha Camama, wilaya ya Tsomo, sehemu za Transkei, mwaka ule homa kubwa ya mafua ilipokuwa ikifisha watu dunia nzima. Wazazi wake walimwita Nontsikelelo. Jina la Albertina alilipata alipoanza shule ya misheni. Baba yake alikuwa mmoja wa wanaume wengi wa Transkei waliokwenda kuchimba dhahabu wakarudi makwao na vifua vilivyoharibika, akafariki binti angali mdogo. Mama naye hakuwa mtu wa afya. Kwa hiyo Nontsikelelo, aliyekuwa mkubwa miongoni mwa wasichana wa nyumba ile, alilazimika kukatiza masomo yake ili alee wadogo zake, na miaka ikampita.

Hapa pana jambo ambalo kila mkulima mwenye mabinti atalielewa bila kuelezwa. Alipoingia katika mashindano ya kupata msaada wa masomo ya juu alishinda, walakini alinyimwa tuzo kwa kuwa umri wake ulikuwa umezidi. Na umri ulizidi kwa nini? Kwa sababu alikuwa nyumbani akilea. Walimu wake waliudhika, wakapeleka habari ile gazetini, na mapadre Wakatoliki walipoisoma wakamtafutia nafasi katika shule ya Mariazell, huko Matatiele, mwaka 1936. Ada ilisamehewa, lakini chakula na malazi hayakusamehewa. Wenzake walipokwenda likizo, yeye alibaki shuleni akilima mashamba na kufua nguo mpaka deni likaisha.

Alikusudia kuwa mtawa, kwani mtawa haolewi, naye alikuwa ameazimia asiolewe ili apate kuwasomesha wadogo zake. Padre Bernard Huss, aliyekuwa Mariazell siku hizo, alimwonya kwamba mtawa hana mshahara wa kupeleka kwao. Afadhali uuguzi, ambao mwanafunzi hulipwa tangu anapojifunza kazi. Jina la padre huyu latuhusu sisi wana ushirika kwa njia nyingine pia. Tangu miaka ya 1920 alikuwa akiwafundisha wakulima Waafrika wa nchi ile kuunda vyama vya kuweka na kukopa fedha, ili wajikwamue katika madeni ya wenye maduka. Basi mtu wa ushirika ndiye aliyemwonyesha binti yule njia yake, na sioni haya kujivunia jambo hilo.

Mwaka 1940 aliingia Johannesburg kujifunza uuguzi katika hospitali. Huko alikutana na Walter Sisulu, kijana wa Transkei kama yeye, wakaoana mwezi wa Julai 1944, Nelson Mandela akiwa msimamizi wa bwana arusi. Katika karamu ile Anton Lembede alimtahadharisha bibi arusi kwamba mwanamume aliyempata alikuwa amekwisha kuoana na taifa. Maneno yalikuwa ya kweli. Walipata watoto watano, tena walilea na watoto wa ndugu zao; na kwa kuwa Walter aliutoa wakati wake wote kwa chama cha ANC, mshahara wa mkewe ndio uliolisha nyumba nzima.

Alipofuzu ukunga mwaka 1954, idara ya afya ya mji ilimwajiri kuwazalisha wanawake majumbani mwao, katika mitaa ambayo leo ni Soweto. Alikwenda kwa miguu, na sanduku la vyombo vya kazi kichwani. Tarehe 9 Agosti 1956 alikuwa miongoni mwa wanawake yapata 20,000 walioandamana mpaka Pretoria kupinga vipande vya kupitia. Hayo ya maandamano yameandikwa vitabuni na wengine, siyarudii.

Nitakalo kueleza zaidi ni kazi moja isiyopigiwa ngoma. Tanganyika ilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza waliondoka, na wenyeji waliokwisha kufunzwa kazi hiyo walikuwa wachache mno. Msaada uliombwa kwa ANC. Mama Sisulu ndiye aliyepewa kazi ya kuwatafuta wauguzi Waafrika walio tayari kuja kwetu. Fikirini ugumu wake. Chama kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1960. Polisi waliivizia nyumba yake. Na mwanawe mdogo alikuwa bado hajafikia umri wa shule. Wauguzi 20 walikubali, wakaacha kazi na wazazi wao, wakatoka kwa siri kupitia Bechuanaland, ambayo sasa ni Botswana, bila kujua kama watarudi. Wakaja wakawahudumia wagonjwa wetu. Mimi ni katibu, kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano, na najua kuwa kazi ya namna hii ndiyo hukosa kuandikwa. Haikuwa na mkutano, haikuwa na azimio wala stakabadhi. Mwanamke mmoja alizungumza na mwenzake wodini, huyo akazungumza na wa tatu.

Mwaka 1963, Walter alipokuwa mafichoni, alikamatwa yeye chini ya sheria mpya iliyowapa polisi ruhusa ya kumweka mtu siku 90 bila mashtaka, akafungiwa peke yake. Mwanawe mkubwa, Max, kijana wa miaka 17, alikamatwa pia. Mwezi wa Juni 1964 Walter alihukumiwa kifungo cha maisha. Tangu hapo mama yule alikaa miaka mingi chini ya amri za serikali zilizomkataza mikutano, na kwa muda mrefu hakuruhusiwa hata kutoka nyumbani usiku. Aliendelea na uuguzi, na baada ya kazi alishona na kufuma, akawapeleka watoto Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, wapate elimu bora kuliko ile iliyopunguzwa makusudi kwa ajili ya Waafrika wa nchi yake. Sijui alilala saa ngapi.

Mwaka 1983 alichaguliwa kuwa mmoja wa wenyeviti wa United Democratic Front, naye wakati huo yumo kizuizini. Baada ya kustaafu serikalini alifanya kazi katika zahanati ya Daktari Abu Asvat, aliyewatibu maskini wa Soweto, na alikuwapo zahanatini siku ile ya Januari 1989 daktari alipopigwa risasi akafa. Walter alifunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, baada ya miaka 26. Mwezi wa Mei 1994, ndani ya Bunge jipya, Mama Sisulu ndiye aliyesimama kulipendekeza jina la Mandela awe Rais.

Alifariki nyumbani kwake Johannesburg tarehe 2 Juni 2011, umri wake miaka 92, akitazama televisheni pamoja na wajukuu. Alizikwa kwa heshima za taifa.

Nilipokuwa nikiandika habari hizi nilikuwa pia nikinakili daftari la wanachama waanzilishi wa Chama chetu, litakalochapwa mwishoni mwa kijitabu hiki. Karibu majina yote ni ya wanaume, kwa sababu kadi hutolewa kwa mwenye shamba. Lakini waliobeba magunia kichwani mpaka ghalani mwaka ule wa kwanza, kabla hatujapata gari, wazee wote wanakiri walikuwa kina nani. Niliomba ruhusa ya Halmashauri niandike jina la mke kando ya la mume, na baada ya mabishano kidogo nilikubaliwa. Yamepatikana majina mengi kuliko nafasi ya karatasi. Kwa hiyo herufi za ukurasa huo ni ndogo, na wasomaji wenye macho mazito wanaombwa radhi.