Homa Iliyoitwa Mbu

Nimekuwa kimya kidogo. Nilipanda Upareni kumwuguza mjomba, kwa hiyo leo siasa tuziweke pembeni.

Mjomba anaishi Mbaga, kule juu kwenye baridi. Alishuka Ndungu kuvuna mpunga, akalala huko wiki mbili, akarudi mzima kabisa. Siku ya kumi, homa! Majirani wakasema ni baridi tu. Duka moja la dawa likampa vidonge vya maumivu. Alipoanza kuweweseka tukamteremsha Same. Tone la damu ya kidole, kioo, hadubini... malaria, tena kali. Sasa anaendelea vizuri, Mungu mkubwa.

Kilichonigusa ni swali la mpimaji kabla hata hajamchoma kidole: "Mzee, hivi karibuni ulisafiri wapi?"

Swali hilo lina historia. Mwaka 1880 Laveran, daktari Mfaransa, aliona kimelea cha malaria kwenye damu ya askari huko Algeria. Mwaka 1897 Ross akakikuta ndani ya mbu, India. Mwaka huo huo Mjerumani Robert Koch alifika Dar es Salaam na hadubini yake. Majirani zetu wa Usambara walikuwa na maelezo tayari: tukishuka tambarare tunarudi na homa. Homa yenyewe waliiita "mbu", jina lile lile la mdudu! Hawakuwa na hadubini, ila walikumbuka nani alisafiri na nani alibaki.

Upareni nako tumo. Kati ya 1955 na 1959 wataalamu wa taasisi ya malaria ya Amani walipulizia dawa ya dieldrin nyumba za Pare na Taveta, huku wakipima damu za wenyeji kwa hadubini. Vimelea vilipungua sana. Upuliziaji ulipokoma, malaria ikarudi polepole.

Siku hizi kuna kipimo cha haraka chenye mistari, lakini hadubini bado ndiyo inayoonyesha vimelea ni vingi kiasi gani. Na mtu wa mlimani, kwa kuwa hang'atwi mara kwa mara, hana kinga ya kutosha, ndiyo maana homa humwangusha vibaya.

Mjomba alikaa siku tatu bila kuulizwa swali lile. Hata mimi mpwa wake sikumwuliza, na nilijua alitoka Ndungu. Je, wewe ungekumbuka?

Tuonane wiki ijayo.